Mboni Iliyokataa Kusinyaa

Kila alasiri Sumaya alipotoka shuleni, kazi zilimngoja kwa mpangilio uleule: kufua kola ya sare, kuosha vyombo vya mchana, kisha kumtia mdogo wake Ilyasi dawa ya jicho. Kola na vyombo havikumsumbua. Aliyemchosha ni Ilyasi.

Ilyasi alikuwa na miaka sita. Jicho lake la kushoto lilikuwa zembe. Lilikuwa limeliachia la kulia kazi yote ya kuona. Kwa hiyo daktari aliagiza tone moja la dawa iitwayo atropini liwekwe katika jicho zima la kulia, ili lione ukungu, na lile zembe lilazimike kufanya kazi. Mama yao alikuwa na duka la vitenge palepale mtaani kwao Bwiza na hakurudi mpaka jioni. Ndiyo maana tone lile lilikuwa kazi ya Sumaya.

Siku hiyo Ilyasi alikuwa chini ya kitanda.

"We Ilyasi, toka," Sumaya alisema.

"Apana. Mi sitaki."

"Jana ulisema hivyohivyo."

"Ile dawa inachoma."

"Haichomi."

"Unajuaje? Haijakuingia we."

Kutoka chumba cha mbele ilisikika sauti ya Mwanne, dada yao mkubwa, aliyekuwa akisomea uuguzi. Mtihani wa somo la dawa ulikuwa umekaribia, naye alikuwa ameziba masikio kwa vidole huku akikariri. "Nyamazeni huko," alisema. "Mstari huu nimeusoma mpaka nimeuchukia."

Sumaya alibembeleza. Alitisha. Aliahidi karanga za kukaanga. Alimvuta mguu, akapigwa teke la kidevu. Hapo subira ikamwishia. Alifungua kichupa, akainua uso, akajidondoshea tone katika jicho lake la kulia.

"Ona basi," alisema. "Nimekufa?"

Ilyasi alitokeza kichwa, akamwangalia dada yake kwa muda mrefu, akimngoja apige kelele. Alipoona hapigi, alitoka mwenyewe, akalala chali na kutiwa dawa bila neno. Sumaya alijiona mwerevu kweli. Kwamba mama alikuwa amekataza kabisa mtu mwingine asitiwe dawa ile, hilo alilisukuma pembeni.

Alikaa dirishani kufanya kazi ya nyumbani. Baada ya muda herufi zilianza kutandwa na ukungu, na mwanga wa dirisha ukawa unamchoma. Alifikicha jicho. Alijaribu kusoma kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Mwishowe alichukua kioo, na moyo ukamlipuka. Katika jicho la kulia, mboni, ule mduara mweusi wa katikati, ilikuwa imepanuka mpaka rangi ya kahawia ikabaki ukingo mwembamba tu. Jicho la kushoto lilikuwa kama kawaida.

Aliliosha kwa maji baridi, halafu kwa maji ya vuguvugu. Alilifumba, akahesabu, akalifumbua. Mboni ilibaki palepale, kubwa na nyeusi, kana kwamba inamdharau. Sumaya alitamani kulichapa makofi jicho lake mwenyewe.

"Sumaya, niletee chai," Mwanne aliita.

Alimpelekea akiwa ameinamisha uso. Lakini Mwanne hakuwa mtu wa kufichwa jambo. Alimshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga, akawasha tochi ya simu. Mboni ya kushoto ilisinyaa mara moja. Ya kulia haikujali.

Mwanne akabadilika uso. "Umeanguka? Kuna kitu kimekupiga kichwani?"

Mchana ule, wakati wa mapumziko, mpira wa Maxime, mvulana wa darasa lake, ulikuwa umepita karibu na sikio la Sumaya. Haukumgusa. Lakini jibu lilikuwa limeshamfikia mdomoni, na lilikuwa rahisi kuliko habari ya kichupa.

"Maxime alinipiga mpira kichwani," alisema.

Alidhani mambo yangeishia hapo. Hakujua kwamba mtu akipigwa kichwani, kisha mboni moja ikapanuka, huenda damu inavuja ndani ya kichwa na kuubana mshipa wa fahamu wa jicho. Mwanne alijua. Chai haikunywewa. Alimpigia mama simu, mama akafunga duka huku wateja wakiwa ndani, na punde wote walikuwa kwenye teksi, Ilyasi akiwa amepakatwa, mama akiomba dua kwa sauti ya chini. Katikati ya dua alimpigia simu Télesphore, baba yake Maxime. Huyo alikuwa fundi cherehani aliyewashonea wateja wa mama vitenge vyao, na yeye na mama walikuwa wameheshimiana miaka mingi.

"Mwanao ameniumizia mtoto," mama alisema kwa simu. "Mlete hospitalini aeleze alichofanya." Sumaya aligeukia dirisha la teksi na kufumba macho yote mawili.

Hospitalini walipokewa na Dokta Dieudonné, mwanamume mwenye mvi chache aliyeonekana amesimama tangu asubuhi. Alimmulika Sumaya macho, akamwambia afuate kidole chake, akamwuliza kama ametapika. Kisha akauliza, "Nyumbani kuna dawa yoyote ya macho?"

"Ipo atropini ya mdogo wetu," Mwanne alijibu.

Daktari alimgeukia Sumaya. "Uliigusa? Uliitia jichoni?"

Mama alikuwa amemshika mkono kwa nguvu. Sumaya alimtazama mama, akamtazama daktari. "Apana," alisema.

Daktari alishusha pumzi kama mtu aliyekwisha kuambiwa "apana" nyingi siku hiyo. Alichukua kichupa kingine, akamtia tone. "Tungoje kidogo," alimwambia mama. "Mboni ikisinyaa kwa dawa hii, basi mshipa umeumia kweli, na itabidi apelekwe kupigwa picha ya kichwa upesi. Mashine hiyo hatuna hapa. Naomba gari la wagonjwa sasa hivi, lisije likatuchelewesha." Akatoka.

Walikaa kwenye benchi la ukumbini. Machozi yalimtoka mama. Ndipo Télesphore alipofika akimburuta Maxime kwa mkono. Sikio la mvulana lilikuwa jekundu, na alikuwa amelia.

"Sema," baba yake aliamuru.

"Baba, nimeshasema. Mpira haukumpiga."

"Kwa hiyo jicho limejiharibu lenyewe? Mama yake anadanganya? Daktari anadanganya?"

Maxime alimwangalia Sumaya, akaona ile mboni kubwa, akaogopa. Sauti ilimpungua. "Labda ulimpiga, sikuona vizuri," alisema. "Nisamehe, Mama Mwanne. Sumaya, nisamehe. Sikutaka uumie."

Kama Maxime angekasirika, labda Sumaya angeweza kuendelea kunyamaza. Lakini kuombwa msamaha na mtu ambaye hakumkosea, hilo hakuliweza.

"Hakunipiga," alisema. "Mpira haukunigusa. Nilijitia dawa ya Ilyasi."

Mwanne alifumba macho na kuegemeza kichwa ukutani. Mama aliachia mkono wa Sumaya taratibu, na huko kuachiwa kulimuuma kuliko kofi.

"Nilitaka aone kwamba haiumi," Sumaya aliendelea, akilia. "Alinichosha. Halafu jicho likakataa kurudi, nikaogopa."

Dokta Dieudonné aliitwa. Alimmulika tena. Mboni ilikuwa kubwa vilevile. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Nilikuwa nimekwisha kuomba gari," alisema. "Ngoja nikalirudishe, kuna mwingine analihitaji." Aliporudi alimwelekea Mwanne. "Wewe ndiye mwanafunzi wa uuguzi? Mweleze mdogo wako kilichomo ndani ya jicho lake. Mimi leo nimeongea vya kutosha."

"Wiki nzima nimesoma sura hiyohiyo," Mwanne alisema kwa uchungu, "na jibu limeniletea chai." Akavuta pumzi. "Sikiliza. Kuna mishipa ya fahamu inayofanya kazi bila wewe kuiamuru. Kundi moja linakuandaa kukimbia hatari. Moyo unaenda mbio, mate yanakauka, mboni zinapanuka. Kundi jingine linakutuliza. Moyo unapunguza kasi, tumbo linasaga chakula, mboni zinasinyaa. Kundi hili la kutuliza lina mjumbe wake, anaitwa asetilikolini. Mjumbe akifika kwenye msuli wa jicho, ana kiti chake. Akikaa, msuli unakaza na mboni inakuwa ndogo. Umeelewa?"

Sumaya alitikisa kichwa kuitikia.

"Atropini inakuja inakalia kile kiti. Haifanyi lolote, imekaa tu. Mjumbe anafika, anakuta pamejaa, anarudi. Ndiyo maana hata ungeliosha jicho mpaka uchoke, mboni haingesinyaa."

"Na ile dawa ya dokta?" aliuliza Maxime, ambaye alikuwa amesahau kulia.

"Pilokapini. Ile inamwiga mjumbe. Mshipa ukiumia, mjumbe haji na kiti kiko wazi. Pilokapini inakaa, mboni inasinyaa. Lakini kwa huyu imekuta kiti kimekaliwa, nayo imeshindwa."

"Vizuri," alisema daktari. "Mtihani utaufaulu. Na ninyi wadogo mjue hili pia: kichupa hichohicho mtoto akikinywa, moyo unaweza kwenda mbio na mwili kuwaka joto mpaka afe. Kiwekwe juu, na mtu mzima ndiye amtie mtoto dawa."

Mama aliinama mbele ya Télesphore. "Nimekukosea, na mwanao nimemkosea. Nilisema kabla sijauliza."

"Mimi nimemvuta sikio njia nzima," Télesphore alijibu bila kumtazama mtu. Aliweka mkono begani kwa mwanawe, safari hii kwa upole, wakaondoka.

Kesho yake Sumaya alienda shuleni na kofia ya kukinga jua. Alimwomba mwalimu ruhusa, akasimama mbele ya darasa, akaeleza yote, kwa maana habari kwamba Maxime amempofusha msichana ilikuwa imekwisha kufika. Wengine walicheka. Maxime hakucheka. Sumaya alipomfuata kumwomba msamaha, Maxime alisema, "Nimesikia," akaenda zake. Siku zilipita bila yeye kumpa mpira hata mara moja.

Wiki iliyofuata hata mama alianza kumjibu kwa sauti ya kawaida. Jioni tone la Ilyasi alilitia Mwanne, akilalamika kila mara. Jicho la Sumaya lilipata nafuu polepole mno, naye akikasirika kila asubuhi mbele ya kioo, mpaka siku moja herufi zikakaa sawa.

Mama alimrudisha kwa Dokta Dieudonné. Daktari alimulika, na mboni zote mbili zikasinyaa pamoja.

"Umepona," alisema. "Mbona umenuna?"

"Maxime bado hasemi nami vizuri," Sumaya alijibu. "Nimemwomba msamaha, dokta. Nimesema mbele ya wote. Sasa nifanye nini tena?"

Daktari alizima tochi yake. "Kwanza jua kwamba mimi natibu ninachoambiwa. Ulinipa habari ya uongo, na nilikuwa karibu kutibu ugonjwa ambao hunao, huku gari likimkosa mgonjwa wa kweli. Pili, atropini inakwisha yenyewe. Unakaa, unangoja, mwili unaiondoa. Uongo hauko hivyo, mwanangu. Haumaliziki kwa kungojwa. Aliyeutia ndiye anayeutoa, kidogokidogo, kwa kusema kweli leo, na kesho tena, hata pale ambapo hakuna anayemsifu. Maxime anaangalia. Mpe cha kuona."

Sumaya aliitikia, akaushika mkono wa mama, na safari hii mama hakuuachia.