Viti vya Gari la Wamae

Jumanne hiyo Ngendo alikuwa amemaliza kukamua ng'ombe, anaosha mikebe ya maziwa uani, aliposikia lori likipanda kilima pole pole. Mumewe, Wamae, akatoka mbio na kandambili, taulo bado shingoni. Wamae alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini Nyeri. Miaka ishirini alikuwa ameendesha pikapu ya kubebea saruji, na miaka yote hiyo aliota kitu kimoja tu: gari la mbio, la milango miwili, injini ikinguruma mpaka kifua kitetemeke. Sasa lilikuwa limefika kwao Tetu, la manjano, linang'aa juu ya lori kama kiini cha yai.

Majirani walikuja kutazama. Dereva wa lori, Simeon, alilishusha akiwa amejifunga kitambaa puani. Ngendo akamkaribisha chai.

"Asante mama, lakini siwezi kumeza kitu." Akasogea karibu, akanong'ona. "Tangu Mombasa harufu yake imenikalia kooni. Ambia mzee asikae ndani sana."

Wamae alipotia sahihi tu, Simeon akaondoka hata bila kuaga.

Kisha Wamae akafungua mlango, na harufu ikatoka. Haikuwa ya plastiki mpya wala ya petroli. Ilikuwa harufu ya kinywa cha mtu aliyelala na jino bovu.

"Baba Nduta, hii gari inanuka," Ngendo akamwambia mumewe.

"Ati inanuka? Hiyo ni ngozi halisi. Ingia twende mjini."

Viti vilikuwa vyekundu, wekundu wa ufizi. Asubuhi ilikuwa na baridi ya kuuma masikio, lakini Ngendo alipokaa alihisi joto chini yake. Joto la kwapa.

Hawajafika hata kwenye lami, mgongo wake ulikuwa umelowa. Alidhani ni jasho lake. Akapitisha kiganja kwenye kiti, kikarudi na mafuta meupe, mazito, yanayovutika kama makamasi. Akajifuta kwa leso.

Kwenye tundu la hewa mbele yake palichungulia uzi mweusi. Akauvuta. Ulikuwa unywele. Akavuta tena, ukaja mwingine, kisha likaja shungi zima. Mwishoni lilikuwa limeshikilia kipande cha ngozi ya kichwa. Kibichi.

Gari likashtuka, kama mtu aliyenyofolewa nywele.

"Simamisha! Baba Nduta, simamisha!"

Wamae hakumtazama. Alikuwa anapapasa usukani, nao ulikuwa unatoka mafuta yale yale. Akakipeleka kidole mdomoni. Akakilamba taratibu, macho nusu yamefumba.

"Mama Nduta," akanong'ona. "Onja."

Gari lilipopunguza mwendo kwenye tuta, Ngendo akafungua mlango akajitupa nje. Aliangukia nyasi za kando ya barabara, akatapika mpaka yakabaki maji machungu tu. Alipoinua kichwa, mlango ulikuwa unajifunga wenyewe. Pole pole. Kama mdomo.

Alimpigia mumewe simu mara kumi na moja. Mara ya mwisho ilipokelewa. Hakusikia neno. Alisikia mate yakimezwa.

Alasiri polisi wakapiga simu. Gari lilikuwa limepita mji wa Kenol, likapanda hadi Kangari, likasimama kando ya shamba la majani chai. Milango ilikuwa imefungwa kutoka ndani. Walikuwa wamevunja kioo, na ndani hamkuwa na mtu.

Ngendo alifika na Ngatia, ndugu yake Wamae. Kwenye kiti cha dereva lilikaa shati, vifungo vyote vimefungwa, na sweta juu yake. Suruali ilikuwa na mshipi wake kiunoni. Soksi zilikuwa ndani ya viatu. Vyote vililowa utelezi ule mweupe. Chini, kwenye zulia, kulitawanyika kucha. Kumi za mikono. Kumi za miguu.

Tundu la hewa likacheua.

Ngatia akaziba mdomo, akarudi nyuma. "Shemeji, tuondoke. Tafadhali."

Ngendo hakuondoka. Akalibandua shati kutoka kwenye kiti. Lilitoka shingo upande, likivutika nyuzi nyuzi kama mlenda. Chini yake ngozi ya kiti haikuwa nyekundu. Kilikuwa kiraka cha kahawia, upana wa kiganja, chenye vinyweleo laini. Katikati palikuwa na kovu dogo la mviringo, la chanjo ile ambayo watoto hudungwa mkononi.

Miaka ishirini na sita alikuwa amelala na shavu lake juu ya kovu hilo.

Akanyoosha kidole, akaligusa.

Vinyweleo vyote vikasimama.