Hattie Hakwenda Bristol

"Tumepata! Hattie, tumepata wote wawili!"

Elliot Crowther alimnyanyua msichana wake juu juu pale nje ya lango la shule, akamzungusha mpaka viatu vikakaribia kuwapiga watu. Ilikuwa siku ya matokeo, mwezi wa nane, na mji wa Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza, ulikuwa unanyeshewa kama desturi yake. Huku mtu analia, kule mtu anapiga simu kwa bibi yake. Elliot alikuwa akicheka tu.

"Chuo kikuu cha Bristol, mpenzi! Wewe uhandisi, mimi uchumi. Mama keshatununulia masufuria, unaamini? Masufuria!"

"Elliot, niweke chini."

"Sikuweki ng'o."

"Niweke chini kwanza. Nina neno."

Akamweka. Hattie Sugden akarekebisha koti lake. Neno lenyewe lilikuwa limemkaa kooni miezi minne kama mwiba wa samaki.

"Siendi Bristol."

"Nani anakwenda leo? Tunakwenda mwezi ujao."

"Siendi kabisa. Nimechukua uanagenzi kwenye kile kiwanda cha pampu, kule mtoni. Siku nne nitakuwa kazini, siku moja chuo cha hapa hapa. Miaka mitano, natoka na shahada yangu ya uhandisi kama wengine."

Elliot alimtazama kama anayesubiri mzaha uishe.

"Kiwandani? Na alama hizo? Shule nzima hakuna aliyekupita, wewe unakwenda kupakwa grisi?"

"Grisi na hesabu. Ndicho ninachotaka."

"Umeamua lini?"

"Aprili."

"Aprili!" Sauti ilimpanda mpaka watu wakageuka. "Mei tulikuwa Bristol tunatazama vyumba. Ulichagua pazia, Hattie! Ulisimama pale dirishani ukasema la kijani litapendeza!"

"Nilikuwa naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Hivi unavyonitazama sasa."

Elliot aliondoka bila kuaga. Jioni simu ya Hattie ikalia, ujumbe umeingia: *"Nimekasirika sana. Lakini nakupenda. Treni zipo, tutajaribu."*

Hattie aliubusu ule ujumbe, kioo kikapata ukungu.

Kitu ambacho Elliot hakuwahi kumuuliza ni kwa nini. Ilianza Februari, kiwanda kilipowakaribisha wanafunzi. Msimamizi mmoja wa karakana, Shazia Mahmood, mama wa makamo mwenye mtandio ulioingizwa ndani ya ovaroli, aliwasha pampu kuukuu mbele yao. Ikapiga kelele za ajabu.

"Inaumwa wapi?" Shazia akauliza.

Wenzake walikimbilia karatasi na vipimo. Hattie aliweka kiganja juu ya chuma, akafumba macho, akasogeza mkono pole pole.

"Hapa. Kuna kitu kimelika. Beringi ya huku nyuma, ile inayoshikilia mhimili ukizunguka."

Wakafungua. Ilikuwa hiyo hiyo. Shazia hakumsifu, alimtazama tu, akasema, "Wewe rudi." Tangu siku hiyo Hattie alikuwa kama mtu aliyeonjeshwa asali. Alitaka kurudi. Aprili alitia saini.

Mwezi wa sita ndipo baba yake alipomwita jikoni. Mzee Clive Sugden alikuwa dereva wa basi, mtu wa maneno machache na chai nzito. Alimlea Hattie peke yake tangu mke wake alipowaacha, mtoto akiwa na miaka tisa.

"Nina saratani ya kongosho, mwanangu. Hospitali wamesema haikatiki."

"Baba..."

"Ngoja nimalize. Sitaki mtu ajue. Sitaki kuonewa huruma na abiria wangu. Hata huyo Elliot usimwambie. Niapie."

Hattie aliapa. Kiapo hicho ndicho kilichokuja kumtesa.

*

Oktoba alikwenda Bristol kwa treni, safari ya saa nne na ushei, kucha zake bado zina weusi usiotoka kwa sabuni. Elliot alimpokea stesheni, akamkumbatia mpaka mbavu zikamuuma. Siku hiyo ya kwanza ilikuwa tamu. Ya pili wakaalikwa chakula cha mchana na marafiki wa Elliot, watoto wa watu wanaojiweza, wanaozungumza kama wanapuliza uji wa moto.

Msichana mmoja, Jemima, alimsogelea akitabasamu.

"Kumbe ndiye wewe! Elliot ametusimulia. Udaktari unaendaje huko Manchester? Lazima ni kazi ngumu sana."

Hattie alidhani hakusikia vizuri.

"Udaktari?"

"Si unasomea udaktari?"

Hattie akageuka kumtazama Elliot. Uso wa kijana ulikuwa mwekundu kama bitiruti. Akatazama sahani.

"Mimi ni mwanagenzi," Hattie akasema, kila mtu akamsikia. "Natengeneza pampu. Ukifungua bomba maji yakatoka, mshukuru mtu kama mimi."

"Oh," Jemima akasema. "Vizuri sana." Alilisema kwa huruma, na ile huruma ilimchoma Hattie kuliko tusi.

Nje, kwenye kilima, mambo yakalipuka.

"Umenigeuza daktari, Elliot?"

"Lilinitoka tu. Waliniuliza, nikaona nianze kueleza uanagenzi, kiwanda, sijui nini..."

"Unanionea aibu."

"Sikuonei aibu!"

"Basi rudi ndani, waambie mpenzi wangu anatengeneza pampu. Nakusubiri hapa hapa."

Elliot alisimama. Alitazama mlango, akamtazama Hattie, akatazama mlango tena. Hakwenda.

"Hattie, elewa basi. Tulipanga maisha. Wewe ndiye uliyeyavunja, ukanificha miezi minne. Sasa mimi nikidanganya mara moja tu, ndiyo dhambi?"

Hapo alimpata. Ni kweli Hattie alimficha, na hata wakati ule ule alikuwa anamficha jambo jingine kubwa zaidi. Ulimi ulimwasha. Nusura aseme, *Baba yangu anakufa.* Akakumbuka kiapo.

"Nakwenda stesheni," akasema.

Ndani ya treni, kabla hawajafika Birmingham, ujumbe ukaingia: *"Labda tupumzike kidogo. Kila mtu afikirie."*

Akajibu: *"Mimi nimeshafikiri. Kwaheri Elliot."*

Alilia mpaka mama mmoja aliyeketi mbele yake akampa kitambaa na nusu ya sandwichi yake ya mayai, bila kuuliza kitu.

*

Majira ya baridi yalimla Mzee Clive. Kila wiki alipungua. Hattie alikuwa anaamka gizani, anamgeuza baba yake kitandani, anamnywesha dawa, kisha shangazi yake Brenda, pekee ambaye mzee alimwambia, anafika kumpokea zamu, ndipo yeye anakimbilia kiwandani. Shazia aligundua bila kuambiwa.

"Nani anaumwa kwenu?"

"Hakuna."

"Hattie, umeukereza mhimili huu kwenye mashine mara tatu na mara tatu umeuharibu. Mkono wako si wa kuharibu. Nani anaumwa?"

Ndipo akamwambia, wa kwanza nje ya ukoo. Shazia aliizima mashine, akakaa naye juu ya kreti mpaka alipomaliza kulia. Tangu siku hiyo kila Ijumaa alimfungia bakuli la dengu la kupeleka nyumbani.

Mwishoni mwa Machi mzee alimwita karibu. Sauti yake ilikuwa imebaki nyuzi.

"Kuna jambo linanikosesha usingizi, mwanangu."

"Maumivu? Nimwite muuguzi?"

"Si maumivu. Brenda ananisifia kila siku: una binti wa dhahabu, kaacha chuo kikuu kikubwa, kaacha mchumba, kabaki akulee. Nasikia kama nageuziwa kisu tumboni. Sitaki kufa nikijua nimekula ujana wako. Niambie ukweli, ulibaki kwa ajili yangu?"

Hattie alimshika mkono, mifupa mitupu.

"Baba, hesabu miezi. Nilitia saini Aprili. Wewe uliniambia Juni."

"Huenda ulihisi."

"Sikuhisi chochote. Nilikuwa nawaza beringi."

"Beringi?"

"Beringi, Baba. Nilibaki kwa sababu niliipenda ile kazi. Hata ungekuwa mzima unacheza mpira, nisingekwenda Bristol. Samahani kama nakuvunja moyo."

Mzee alimkazia macho. Kisha kifua chake kikaanza kutikisika, Hattie akashtuka akidhani amepaliwa. Kumbe anacheka.

"Hukubaki kwa ajili yangu!"

"Hapana, baba yangu."

"Mungu akubariki, mtoto mwenye roho ngumu wewe! Umenitua mzigo." Akapumua. "Haya, nieleze hiyo beringi. Polepole. Mimi ni dereva tu."

Akamweleza mpaka akasinzia. Siku nne baadaye Clive Sugden akafariki, asubuhi, shangazi Brenda akiwa anafungua mapazia na Hattie akiwa amemshika mguu.

*

Madereva kumi na wanane walikuja kumuaga mwenzao, wote na sare zao zilizopigwa pasi. Walipotoka kuchoma maiti walikusanyika kwenye ukumbi wa klabu ya madereva, chai, sandwichi za nyama ya nguruwe na keki za Brenda. Hattie alikuwa anapokea pole moja baada ya nyingine, macho makavu kabisa. Alipoinua kichwa, akamwona.

Elliot alikuwa amekonda. Suti nyeusi ilimpwaya mabegani.

"Pole, Hattie."

"Ahsante kwa kuja. Umetoka mbali."

"Naomba tutoke kidogo. Dakika mbili."

Walisimama kibarazani, mvua ikipiga mabati. Elliot alianza kulia kabla ya kusema.

"Mama ndiye aliyeniambia, naye kaambiwa na shangazi yako. Baba yako alikuwa anaumwa tangu mwaka jana! Ulibaki umlee, na mimi nikakuita mvunja maisha. Kwa nini hukuniambia?"

"Aliniapisha."

"Nilikuwa mjinga. Nilifikiri umekipenda kiwanda kuliko mimi. Kumbe ulikuwa unamuuguza baba yako. Jemima na wenzake nimewaambia kila kitu. Wote wanakuona shujaa."

"Umewaambia nini?"

"Kwamba uliacha yote kwa ajili yake." Akamshika mikono yote miwili. "Hattie, sasa umekuwa huru. Nimekwenda kuuliza chuoni, unaweza kuomba tena nafasi yako. Septemba tu hapo. Sijampenda mtu mwingine, hata siku moja. Njoo, mpenzi. Tuanze upya."

Hattie alikitazama kile kichwa cha nywele nyekundu alichokipenda tangu akiwa na miaka kumi na sita. Alikuwa amechoka. Nyumba anayorudi jioni ile haina mtu. Mbele yake kuna mikono iliyo wazi, na bei yake ni kunyamaza tu. Aitikie kwa kichwa. Amwache aamini hadithi ile nzuri, ya binti aliyejitoa mhanga. Nani angejua?

Alifumba macho. Akayafumbua.

"Elliot, sikubaki kwa ajili ya Baba."

"Huna haja ya kujishusha..."

"Nisikilize. Nilitia saini Aprili. Nilijua anaumwa mwezi wa sita. Nilichagua kwa sababu nilitaka. Hata leo, hata sasa, ningechagua vile vile."

Mikono ya Elliot ililegea polepole.

"Kwa hiyo kweli ulikipenda kiwanda kuliko mimi."

"Nilikupenda wewe, na nilikipenda kiwanda. Wewe ndiye uliyetaka nichague kimoja."

"Ungeweza kunidanganya," Elliot akanong'ona. "Leo ningeamini chochote."

"Najua. Tungekaa miaka mitatu, minne. Kisha siku moja tukigombana ungeniambia, rudi basi kwenye grisi yako. Na mimi ningerudi, nikiwa nimekuchukia. Sitaki kukuchukia."

"Na mimi sasa hivi nifanyeje, Hattie? Nimekuja na moyo mkononi."

"Sijui. Wallahi sijui."

Walikumbatiana. Kisha Elliot akambusu kwenye paji la uso, akapandisha kola ya koti, akashuka ngazi. Kwenye kona ya barabara alisimama. Hattie akajishika kifua, miguu ikamtangulia hatua moja. Elliot alikuwa anasubiri gari lipite tu. Akavuka, akapotea.

Shangazi Brenda akatoka na sahani ya keki.

"Yule si Elliot? Amekwenda wapi, hajala kitu!"

"Amekwenda, shangazi."

"Atarudi?"

"Hapana."

"Kha! Kijana katoka Bristol mbio mbio kwa ajili yako. Umemwambia nini?"

"Kile kile nilichomwambia Baba."

"Na baba yako alisemaje?"

"Alicheka," Hattie akasema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka, ya kwanza tangu asubuhi, kwa kwikwi za kumkunja kiuno. Brenda aliweka sahani chini kwenye ngazi zilizolowa mvua, akamkumbatia, akimbembeleza kwamba baba amepumzika, baba hana maumivu tena. Hattie alimwacha aseme. Hata yeye hakujua tena anamlilia yupi, baba yake au Elliot.