Baraza Ambalo Halikukaa

Ndugu zangu wa Kamina, Jumapili ile ilikuwa ya raha nyumbani kwa Mwalimu Gamaliel. Bukari, ugali wetu, ilikuwa bado inatoa moshi, samaki mkavu wa Kinkondja ameiva vizuri, na binti yake Kyabu alikuwa akimchekesha mama yake, Agar. Kyabu alisoma katika chuo kimoja cha kijeshi, pale pale ambapo baba yake alifundisha kusoma ramani. Ndipo pikipiki ya Meja Muteba, mkuu wa masomo, ikasimama mlangoni.

"Papa profesa, tia sahihi hapa. Tunafanyaka vile kila mwaka."

Ilikuwa karatasi ya baraza la walimu. Baraza hilo ndilo huamua nani apite na nani arudie, na humo hata mkuu wa chuo ana kura moja tu kama mwalimu. Lakini karatasi ilikuwa tupu, na baraza lilikuwa halijakaa.

"Weye unatia sahihi ku karatasi haina hata neno?" Agar akauliza.

"Mama, acha. Bote banatia," mumewe akajibu, akashika kalamu.

Kweli, wote tulitia. Mimi nafundisha Kifaransa pale pale, na sahihi yangu ilikuwa ya tatu. Tulichoka na vikao virefu, tukataka kuwahi mashamba yetu ya mahindi. Msinitazame hivyo.

Alhamisi matokeo yakabandikwa. Gamaliel akasoma, akarudia kusoma. Katende, kijana mwenye mjomba wa cheo kikubwa, alikuwa na kumi na mbili kwa ishirini katika ramani, alama ya kupita. Gamaliel mwenyewe alikuwa amempa nne. Na sheria ya chuo inajulikana: aliyeshindwa ramani haongozi wenzake porini. Sasa Katende angeongoza kikosi kesho yake, siku ya mazoezi ya mizinga, na Kyabu alikuwa katika kikosi hicho.

Akakimbilia ofisini. "Meja, uite baraza. Leo."

"Baraza njo hii," Meja akasema, akigonga kwa kidole karatasi ile ile, sasa imejazwa alama. "Hii sahihi iko ya nani?"

Kanuni inasema walimu watano wakitaka, baraza linakaa siku hiyo hiyo. Gamaliel akaona haya kuwazungukia wenzake. Alikuja kwangu peke yangu, akanieleza. Nikamwambia, "Tungoje lundi," yaani Jumatatu. Neno hilo linanitafuna mpaka leo.

Ijumaa kikosi kikaingia porini. Agar alisimama barabarani tangu saa tatu, akisikiliza milio. Saa sita Katende alichanganya vijito viwili vya kwenye ramani, akawaingiza wenzake uwanja wa shabaha, ambako makombora yalikuwa yakianguka. Saa nane gari la wagonjwa likapita mbele ya Agar bila kupunguza mwendo.

Kyabu yuko hai, namshukuru Mungu. Mguu wa kulia ulikatwa.

"Papa," aliuliza hospitalini, "ulisema Katende hajue ramani. Alipita namna gani?"

"Miye njo nilimupitisha."

Agar akageukia ukuta.

FUNZO

Walimu wenzangu, baraza ni watu walioketi wakasoma alama kwa sauti na kubishana. Usitie sahihi kwa jambo ambalo hujaliona. Na ukigundua kosa, hata likiwa lako, liseme siku hiyo hiyo. Aibu ya Gamaliel ingeisha kwa wiki moja.

Jumatatu niliyoishauri ilifika. Tulikaa wote kumi na mmoja, tukasoma kila jina kwa sauti. Tulipofika kwa Kyabu, hakuna aliyeweza kuendelea.