Ndala Zilizolowa

Ndala za marehemu zilikuwa zimelowa.

Msajili wa vifo aliziona aliporudi kazini saa kumi na nusu. Zilikuwa zimepangwa mbele ya mlango wa bafu, za bluu, ya kushoto imeliwa kisigino, na chini yake kidimbwi kidogo cha maji. Ufunguo wa nyumba alikuwa nao yeye peke yake. Mkewe alikuwa na siku tisa kaburini. Akachukua dekio, akafuta sakafu, akalikamua, akalianika. Kisha akakaanga yai.

Kesho yake zililowa tena. Akafuta tena.

Kazini walimwita Bwana Muhuri. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa amekaa dirisha namba tatu akiwaeleza wafiwa kwamba fomu hujazwa kwa wino mweusi, kwamba marehemu haruhusiwi kusaini, na kwamba mtoa taarifa lazima awe ameuona mwili kwa macho yake, si kwa kusimuliwa. Mtu akilia, alimsogezea boksi la tishu. Boksi lilikuwa limefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza, maana msiba ni wa mtu binafsi lakini tishu ni mali ya ofisi. Taarifa hupokelewa ndani ya siku thelathini. Zikipita, unaandika barua ya kujieleza kwa nini mtu wako alikufa kwa kuchelewa.

Fomu ya mkewe ilikuwa kwenye droo ya chini, imejazwa kwa mwandiko wake mzuri hadi kipengele cha kumi na moja: *Je, mtoa taarifa ameuona mwili?* Hapo kalamu ilikuwa imegoma. Siku hospitali ilipopiga simu, foleni ilikuwa na watu kumi na wanane. Alijibu kwamba anakuja, akawahudumia wote kumi na wanane. Aliyekwenda kumtambua marehemu ni shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe. Mazikoni yeye alisimama nyuma, akaangalia viatu vya watu.

Wiki ya pili yakasikika maji bafuni: kopo kuzama ndooni, kumwagika, kuzama tena. Ikaja harufu ya sabuni ya mkewe, na chini ya sabuni harufu nyingine, kama nguo iliyosahauliwa chini ya pasi. Wiki ya tatu ikaja sauti, ikiimba puani, kichwa cha wimbo bila mkia. Msajili alikaa sebuleni akaisikiliza kama mtu anavyosikiliza redio ya jirani. Hakuogopa. Hakufurahi pia. Aligundua tu kwamba nyayo za maji sakafuni zote zilielekea bafuni. Hapakuwa na hata moja iliyotoka. Akazifuta kwa mpangilio, kuanzia mlangoni.

Siku ya ishirini na tisa tangu kifo, shemeji alikuja kuchukua nguo za marehemu. Akasimama katikati ya sebule, mkoba begani.

"Shemeji," alinong'ona, "nani anaoga?"

"Hakuna mtu."

"Huyo hakuna mtu mbona anaimba?"

Msajili akalitafakari swali. "Ni wa kila siku," akasema.

Shemeji hakungoja nguo. Alimshika mkono kama mtoto aliyekutwa barabarani, wakatoka.

Mganga ambaye shemeji alimpeleka kwake alikuwa bibi mwenye miwani iliyoungwa kwa gundi, karani mstaafu wa mahakama. Mlangoni kwake palibandikwa karatasi: *Wenye mapepo makali wasisubiri foleni.* Aliwasikiliza mpaka mwisho huku akiandika.

"Jini hana sura, mwanangu," alimwambia msajili. "Huazima. Kila siku anayokaa kwako anachukua kipande cha mkeo kutoka kichwani mwako, anavaa. Mkeo alikuwa na alama yoyote?"

"Aliungua na pasi. Mkononi."

"Mkono upi?"

Msajili akaangalia mkono wake wa kulia, kisha wa kushoto.

"Ndiyo hivyo. Akimaliza kuvaa, yeye atakuwa mkeo mzima, na yule mliyemzika hutamkumbuka hata jina."

"Sasa mtoe, bibi!" shemeji akasema.

"Cheti cha kifo kiko wapi?"

Wote wawili wakamgeukia msajili. Msajili akaangalia viatu vyake.

"Basi nikimwamuru atoke, ataniambia yeye ndiye mama mwenye nyumba, na kwa maandishi atakuwa na haki. Majini wa siku hizi wamesoma." Bibi akafunga daftari. "Lakini kuna kitu hana: kifo chenyewe. Hukukiona, kwa hiyo hakukipata kichwani mwako. Nenda ukasimuliwe humo humo ndani ya nyumba, naye asikie, akivae na hicho, afe nacho. Kisha andikeni."

Kesho yake jioni, siku ya thelathini, msajili na shemeji walikaa sebuleni, fomu juu ya stuli. Msajili alikuwa ametoka ofisini na muhuri mfukoni, kosa ambalo kwa kanuni alizozishika kwa kichwa lilitosha kumfukuzisha kazi. Bafuni kopo lilizama.

"Sema," alimwambia shemeji.

Shemeji akasema, kwa sauti ya chini, kwamba walimfunua shuka hadi kifuani, na kwamba nywele zilikuwa zimesukwa upande mmoja tu, na kopo likasimama, na akasema mdomo ulikuwa wazi kidogo kama wa mtu anayetaka kuuliza jambo, na mlango wa bafu ukaanza kufunguka taratibu, na harufu ya kuungua ikajaa hadi machozi yakamtoka, lakini hakunyamaza, akasema aliushika mkono wa kushoto, ule wenye alama ya pasi, ulikuwa baridi kama sahani, na kitu kilichokuwa mlangoni, chenye taulo kichwani na mgongo wa mkewe kabisa, kikaanza kugeuka, na msajili akaona kwamba mahali pa uso palikuwa na uso karibu wote, umepungukiwa mdomo tu.

"Saini!" msajili alisema.

Shemeji akasaini kama mtoa taarifa. Msajili akapiga muhuri.

Mlangoni hapakuwa na kitu. Shemeji alilia. Msajili alinyoosha mkono kutafuta boksi, akakumbuka kwamba liko ofisini, limefungwa kamba.

Siku iliyofuata alirudi saa kumi na nusu. Ndala zilikuwa kavu.

Alisimama mbele yazo. Mkono wa kushoto, alikumbuka. Alikumbuka na simu, na sauti ya muuguzi, na foleni ile, mtu wa kwanza hadi wa kumi na nane, kila mmoja na uso wake. Vilikuja vyote kwa pamoja, na havikuja na dekio. Ndipo, kwa mara ya kwanza tangu msiba, akaogopa. Nyumba ilikuwa kimya, kimya halisi, cha kwake peke yake, na kingekuwa hivyo kesho na keshokutwa.

Akaokota ndala. Akaingia bafuni, akafungua bomba, akaziloweka moja moja, akianza na ya kushoto. Akazirudisha mbele ya mlango, akazipanga sawasawa.

Kisha akakaa kitandani, mikono magotini, kama mtu aliyepewa namba.

Hakusubiri sana.