Chumvi ya Mtungi wa Pélagie

Kwanza chovya kidole kwenye udongo, lamba, useme: mdomo wangu ni kaburi. Umelamba? Haya. Pélagie naye aliwalambisha udongo wanawake watatu pale bandarini Kindu, na kabla jua halijapanda wauza samaki wa Lokandu walikuwa wanajua yote mpaka rangi ya kitenge alichovaa. Basi sikia, na hakuna aliyekuambia.

Vita ya Wazungu ilikuwa haijaisha, na chumvi mjini ilikuwa adimu kuliko mwanamume mkweli. Asubuhi moja Pélagie akachota maji mtungini, akanywa, akatema. Chumvi! Maji aliyoteka mtoni Lualaba jana yake, chumvi tupu, na juu yake kaharufu ka mafuta ya mashine.

Muntu mwenye akili angemwaga. Pélagie akapikia sombe, majani yake ya muhogo.

Jirani yake Scholastique, pua ndefu kama jina lake, akaja na bakuli. "Mama Emerance, chumvi hii umeitoa wapi? Ama mume wako amekuletea bahari nzima?"

"Kula, yaya, dada yangu, unyamaze."

Akala, hakunyamaza. Wiki ile nyumba nne zikapikia maji ya Pélagie.

Na kweli mumewe, Anaclet, alikuwa ametoka baharini. Alikuwa akitia makaa katika meli ya bandari ya Matadi, mpaka nyambizi ya Wajerumani, ile meli ya chuma inayotembea chini ya maji, ikaitoboa. Nyambizi hiyo ilikuwa imeshameza meli kumi na moja. Yao ikawa ya kumi na mbili. Kisha yenyewe ikapotea. Ilipoteaje? Hapo Wazungu walibishana kwenye baraza ya posta kama wanaume wanaokataa mimba. Huyu alisema ndege ya Waingereza iliipiga, yule alisema iligonga bomu, wa tatu aliapa kwamba bado inatembea huko chini. Anaclet akiulizwa alijibu neno moja: "Mimi niliogelea. Sikuiona tena."

Siku ya nane, asubuhi kweupe, mtungi ukagonga.

Ko. Ko. Ko.

Pélagie akafunua. Maji yametulia. Akafunika. Ko, ko, ko, kama mtu aliye ndani ya chuma anapiga kwa nyundo na mkono umeanza kumchoka.

"Baba Emerance, hii njo nini?"

"Njo panya."

"Panya iko ndani ya maji?"

Anaclet aliziba masikio, akatoka nje. Siku hiyohiyo binti yao Emerance, wa miaka sita, akaanza kukohoa, na alichokohoa hakikuwa makohozi bali maji, maji ya chumvi, kikombe kizima, kisha bakuli, na tumbo lake likajaa likang'aa kama ngoma, na Pélagie alipoweka sikio juu ya tumbo lile ili asikie kama moyo wa mtoto bado unapiga, alisikia ko, ko, ko, pole pole, kutoka mbali sana chini.

Akakimbia kumwita Mwalimu Matata, msomaji wa dua. Mzee akaonja maji kwa ncha ya ulimi, akarudi nyuma.

"Huyu si jini wa mto wetu, mwanangu. Jini huyu amevaa wafu wa baharini. Iko kitu chao hapa. Nanyi mmekula chumvi yao. Aliyekula chumvi ya mtu ni wa nyumba yake. Jua likipita utosini kitu hakijarudi, watamchukua mdogo kuliko wote."

Zile nyumba nne zikaleta mitungi yao, ikapangwa uani. Anaclet akaapa mbele ya watu: "Mimi sina kitu! Mungu ananiona!"

"Basi tufunike nyuso," akasema Matata. "Mwenye nacho akirudishe kwenye mtungi wa Pélagie, asiaibike."

Wote wakajifunika vitenge. Pélagie alimpakata Emerance, mwili baridi kama samaki. Alisikia dua, kisha nyayo. Harufu ya mafuta ya mashine ikapita mbele yake, haikusimama kwenye mtungi wake, ikaenda mbele zaidi. Kugonga kukakoma.

Kisha mumewe akapiga yowe.

Vitenge vikaanguka. Anaclet amepiga magoti, mkono umezama mpaka kiwiko ndani ya mtungi wa Scholastique.

"Kwenye mtungi wangu!" Scholastique akalia. "Ulitaka mimi njo nionekane mwizi?"

"Toa mkono," akasema Matata.

"Hautoki! Wameushika!"

"Umechukua nini kwao?"

Anaclet alilia kama mutoto. "Watu wa nyambizi waliniopoa majini. Walinipa mkate na samaki wa chumvi. Nilipokuwa nakula niling'oa kishikio kinachokaza mlango wao wa juu maji yasiingie, nikakificha. Wakanishusha kwenye mtumbwi wa meli yetu, wakazama na chombo chao. Hawakupanda tena. Waligonga chini yangu mpaka jioni."

"Ulikula chumvi yao?" Pélagie aliuliza kwa sauti ndogo. "Ukala, ukawafungulia maji yawaingilie?"

Matata akanyanyua mchi, akaupiga mtungi. Vigae vikatawanyika. Maji hayakumwagika. Yalisimama palepale, mviringo, meusi, na watu wote wa uani waliona: ngumi ya Anaclet imeshika kishikio cha shaba, na juu ya ngumi ile kuna mkono mwingine, mweupe, umevimba, haujaachia.

Mapajani mwa Pélagie, Emerance akafungua macho. "Mama, nina njaa."

Na maji yakaanza kushuka ardhini, pole pole, yakiuvuta pamoja nayo mkono wa baba yake.