Glavu za Wageni

Mchana ule hapakuwa na upepo mtaani Huruma, lakini glavu kwenye kamba zilikuwa zikipunga.

Akech ndiye aliyeziona kwanza. Alikuwa mfanyakazi wa usafi katika zahanati ya uzazi, na alikuwa amepanda juu ya paa kuzianua. Akashuka ngazi mbio, mikono mitupu.

"Sista, kuja uone," akanong'ona. "Hizo glavu ziko na vidole."

"Glavu zote ziko na vidole, Akech."

"Ndani, Sista. Ziko na vidole ndani."

Sista Truphena, msimamizi wa zahanati, alicheka. Walipofika juu glavu zilining'inia tu, zimelegea. Lakini palinukia mahindi ya kuchoma, na Truphena akaacha kucheka.

Kwao Bungoma, vikombe vizuri hukaa kabatini vikingoja wageni. Watoto wa nyumbani hunywea vya bati. Hivyo ndivyo Truphena alivyoiendesha zahanati. Glavu mpya zilikaa kabatini kwa kufuli, zikingoja wakaguzi. Akina mama wa Huruma walihudumiwa kwa zilizofuliwa, zikaanikwa, zikapakwa poda ya watoto zisigandamane. Glavu hizo hutumika mara moja zikatupwa, na alilijua hilo vizuri kuliko sala zake. Mdomo nao alikuwa nao. Msichana akiona haya kuvua nguo, alimwambia, "Mficha uchi hazai, mama," na wodi nzima ikacheka.

Alimjua pia Nzembi, muuza mahindi ya kuchoma pale stejini pa matatu. Nzembi alijifungulia pale zahanati msimu wa mvua, akimshika Truphena mkono na kumkandamiza kidole gumba kila uchungu ulipomjia. Baada ya siku chache alirudi na homa, tumbo limeoza ndani, akafa. Kwenye matanga Truphena alisimama akasema ni mapenzi ya Mungu, na jamaa wa marehemu wakamshukuru kwa kumhangaikia binti yao. Alijua ni glavu zilizofuliwa zilizomuua. Hata hivyo, chai yao aliinywa.

Sasa wodini alilala Marion, aliyejifungua juzi, na mwili wake ulikuwa moto.

"Sista, toa mkono," Marion akasema kwa sauti ndogo.

Truphena alikuwa amesimama mlangoni. "Mkono gani, mama?"

"Huu wa ndani. Unanibanabana. Tafadhali utoe."

Blanketi likainuka kidogo juu ya tumbo lake, likashuka, likainuka tena, na chini yake kukasikika mlio wa mpira ukisuguana na mpira, polepole, kama mtu anayevaa glavu kidole kimoja kimoja bila haraka yoyote, huku harufu ya mahindi ikijaa chumbani na poda nyeupe ikitapakaa juu ya shuka ambalo Akech alikuwa amelitandika likiwa safi asubuhi ile.

Mamake Marion akamwita Patrobas, mhubiri wa kanisa lao la Roho. Alikuja na kanzu yake nyeupe na ngoma, akanusa hewa, akaiweka ngoma chini.

"Hili jini halisikii ngoma," akasema. "Limeitwa na mtu, na huyo mtu aungame mbele yetu. Kisha binti huyu apelekwe hospitali kubwa, na madaktari waambiwe ukweli."

Macho yote yakamgeukia Truphena.

"Akech ndiye huosha glavu," akasema.

Akech akamsogelea. Hakufoka. "Sista," akasema polepole, "si wewe huambia wamama mficha uchi hazai?"

Marion akapiga yowe na kujikunja. Hapo Truphena akavunjika. Alipiga magoti kwenye sakafu mbele ya wagonjwa aliowachekesha miaka yote, akasema ni yeye, ni yeye aliyeamuru zifuliwe, ni yeye aliyemtia Marion uchafu wa mwanamke mwingine huku mpya ziko kabatini. Alitamani ardhi immeze. Mamake Marion hakumtukana, akamgeuzia mgongo tu, na hilo liliuma zaidi.

Mlio ukakoma. Harufu ikaisha. Wakambeba Marion kumpeleka hospitali, na Patrobas akabaki nyuma kidogo mlangoni.

"Umemaliza yote, dada?"

Truphena aliifikiria ile chai ya matanga. "Yote," akajibu.

Marion alipona. Kufuli likatupwa, glavu za kamba zikachomwa moto, na Truphena akamwomba Akech msamaha mbele ya wote. Akech akaupokea, ila kucheka naye hakucheka tena. Basi Jumatatu asubuhi akaja mama mwingine, uchungu umemshika. Truphena akanawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, akafungua boksi jipya, akaingiza mkono wa kulia kwenye glavu.

Ndani mlikuwa na mkono mwingine. Ulikuwa na joto la homa. Ulimpokea kidole kwa kidole, ukamshika kwa nguvu.

Mama kitandani akainua kichwa. "Sista, nani anachoma mahindi?"

Truphena akafumbua mdomo. Jina lilikuwa pale pale kwenye ulimi.

"Hakuna mtu," akasema, na kidole gumba chake kikakandamizwa.