Mashina Yaliyobaki Ardhini

Kila Jumamosi ya msimu wa mvua, Bibi na mjukuu wake, binti wa miaka kumi na miwili, walikwenda msituni kuchuma uyoga. Jumamosi hii goti la Bibi lilikuwa limevimba, hivyo binti alikwenda peke yake. Alirudi na uyoga saba wa kijivu, wa aina ambayo Bibi alikuwa ameiona mara tatu tu maishani.

Bibi aliukagua mmoja mmoja. "Nilikufundisha kuchimbua, maana usio na mzizi haulwi. Mzizi uko wapi?"

"Niliukata huko huko, Bibi. Ulikuwa mrefu, kama ulivyosema."

Huo ulikuwa uongo. Binti hakutaka udongo kapuni, akakata kila uyoga kwa kisu usawa wa ardhi. Cha chini hakukiona.

Bibi alimwamini. Uyoga ukakatwakatwa, ukaingia sufuriani. Mdogo wake binti, aliyeitwa Tumbo kwa jinsi alivyokula, alikuwa ameshakaa na sahani.

"Dada, wewe mchuzi unakutosha. Nyama za uyoga niachie mimi."

"Nyamaza, mlafi wewe!"

Bibi akacheka. "Haya, mgonjwa wa njaa aonje kwanza." Akampa kijiko kimoja.

Kijiko kilipokaribia mdomo, binti alipiga kelele. "Bibi, mzuie! Sikuchimbua. Sikuona mzizi wowote!"

Bibi alikipokonya kijiko, akaepua sufuria. Hakugomba. Alichukua jembe dogo na fimbo yake. "Twende wote. Nionyeshe."

Walitembea polepole kwa sababu ya goti, na msituni Bibi akachimbua mashina yaliyobaki. Mashina sita yalikuwa na mzizi mrefu mweusi, ulioshuka hadi kwenye kiota cha mchwa. La saba halikuwa na mzizi. Lilikaa ndani ya kifuko cheupe, kama yai lililopasuka.

"Huu unaua," Bibi alisema. "Kwa juu unafanana na ule mwingine."

"Basi tuutoe huo, tule uliobaki," alisema Tumbo.

"Utautambuaje? Nimeshaukatakata wote pamoja. Na moto hauondoi sumu hii."

Waliporudi nyumbani walifukia chakula chote shimoni, wakala wali mkavu. Tumbo alinuna. Binti alisogeza sahani yake pembeni.

"Nisamehe, Bibi. Nilikata vibaya."

"Kukata vibaya ni kosa la mkono, ningekurudisha ukachimbue. Lakini uliniambia umeona kitu ambacho hukukiona, nami nikapika kwa maneno yako. Ukiulizwa, na hujaona, sema hujaona. Jibu hilo halijamuua mtu."